Sura Nne kati ya Kumi: Fidla ya Texas Mikononi mwa Bingwa wa Miaka 12

Mwaka 1974 kampuni ya Rounder ilitoa santuri ya fidla ambayo jina lake lilitangaza wazi kuwa mpigaji ni bingwa wa taifa wa vijana. Bingwa huyo, Mark O'Connor, alikuwa mtoto wa miaka 12 kutoka Seattle, jimbo la Washington, na alichokipiga ni tuni za jadi kwa mtindo wa Texas. Anayeisikia kwa mara ya kwanza hushangazwa na vidole vya mtoto huyo. Mimi naona vidole ndivyo vinavyotupoteza. Tuni za Texas hazipigwi mbio. Wapigaji wa bluegrass huzikimbiza zaidi. Ugumu wake uko kwenye mkono wa kulia, ule unaoshika upinde, na uko pia katika uamuzi wa sura gani ya tuni, yaani namna gani ya kuigeuza melodia yake, itangulie na ipi ifuate. Uamuzi huo ndio utunzi wenyewe.

Chombo ni kile kile tunachokiona katika vikundi vya taarab Unguja: nyuzi nne, ubao mwembamba wenye tumbo, upinde wa singa. Hakuna cha ziada kilichofungwa. Tofauti yote imo katika matumizi.

Tuni ya dansi ya kijijini huko Marekani kwa kawaida ina sehemu mbili, ya chini na ya juu, kila moja ikirudiwa. Katika milima ya Appalachia fidla ilipiga mzunguko mmoja huo huo kwa muda mrefu, watu wakicheza, na banjo ikienda nayo sambamba. Katika hali hiyo kubadilisha melodia kila mara kungewavuruga wenzako na hata wachezaji. Texas ilichukua njia nyingine. Mashindano yalimweka mpigaji peke yake mbele ya waamuzi na watu walioketi kusikiliza, huku gitaa tu likimsindikiza. Aliyeketi kusikiliza haridhiki na mzunguko wa nne unaofanana na wa kwanza.

Ushahidi wa mapema tulio nao wa njia hiyo ni wa Eck Robertson, mpigaji fidla wa Texas. Mwishoni mwa Juni 1922, yeye na mwenzake, mzee Henry Gilliland, walitoka kwenye mkutano wa maveterani wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, huko Richmond, Virginia, wakaenda New York na kuiomba kampuni ya Victor iwarekodi. Tarehe 1 Julai Robertson alipiga "Sallie Gooden" akiwa peke yake, bila gitaa wala banjo. Rekodi hiyo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza kabisa za muziki wa kantri kuuzwa madukani. Kwangu uzito wake ni mwingine: ndani ya dakika tatu hivi anaipitisha tuni moja fupi katika sura zaidi ya kumi, na hakuna hata moja inayosikika kama kijazo.

Tuni hiyo, ambayo leo huandikwa "Sally Goodin", yafaa ifunguliwe kidogo. Iko katika ufunguo wa A. Kiunzi chake ni chembamba mno: sehemu mbili fupi, melodia inayozunguka noti chache, na kodi ya gitaa inayobaki A karibu muda wote hadi E inapoingia mwishoni kufunga mstari. Ukiipiga kavu, bila kurudia zaidi ya inavyotakiwa, mzunguko mmoja haufiki hata sekunde 20. Wembamba huo ndio unaoipa nafasi. Tuni yenye melodia iliyosheheni haikubali kuguswa sana. Hii inakubali karibu kila kitu.

Mpigaji wa Texas huanza kwa kuiweka melodia ilivyo, ili msikilizaji awe na kitu cha kukumbuka. Kisha huja sura ambayo kidole cha nne kinateleza kwenye uzi wa A hadi kitoe E, huku uzi wa juu, ambao wenyewe ni E, ukipigwa wazi pamoja nao. Noti ni moja, nyuzi ni mbili. Ule mteleko wa kukutana ndio unaotoa mlio unaomfanya mtu ainue kichwa. Sura nyingine huishusha melodia hadi nyuzi nene za chini, na hapo fidla inapata sauti ya kifua. Nyingine huipandisha: mkono wa kushoto unasogea shingoni, kidole cha kwanza kinaishika ile A iliyokuwa ya kidole cha tatu, na sehemu yote inapigwa juu, ambako kosa la upana wa unyoya husikika hadi nje ya ukumbi. Baadhi ya sura haziongezi noti hata moja. Kinachohama ni msisitizo tu.

Hapo tunafika kwenye upinde. Chukua noti nane zinazofuatana kwa usawa. Mwanafunzi huzipiga moja moja, vuta, sukuma, vuta, sukuma, na msisitizo unaangukia pale pale miguu inapoangukia. Mtu wa Texas huziunganisha: tatu katika mvuto mmoja wa upinde, tatu katika msukumo, mbili za mwisho katika mvuto tena. Noti hazikubadilika, lakini sasa msisitizo umeangukia ya kwanza, ya nne na ya saba. Kipimo kinachofuata anazigawa kwa namna nyingine, pengine anaibeba noti ya mwisho kuvuka mstari hadi ndani ya kipimo kipya bila kugeuza upinde. Gitaa linashikilia mapigo sawasawa chini, fidla inayapita kwa juu, na mwili wa msikilizaji unayahisi yote mawili. Hilo halifanyiki kwa upinde mfupi unaokatakata. Linataka mvuto mrefu, laini, wenye uzito uleule kutoka kisigino cha upinde hadi ncha, na linataka mwendo wa wastani ili kila noti ipate kupumua. Ndiyo maana nikasema kasi si kipimo cha mtindo huu. Ukiikimbiza "Sally Goodin" ya Texas, unaufuta upinde wake wote.

Mtoto wa miaka 12 aliupata wapi upinde wa wazee? Jibu ni Benny Thomasson. Alizaliwa mwaka 1909, akakulia katika ukoo wa wapigaji fidla huko Texas. Baba yake, Luke Thomasson, ndiye aliyetunga walsi ya "Midnight on the Water". Pamoja na wapigaji wenzake kama Major Franklin, Benny alizichukua tuni za sehemu mbili na kuzikuza hadi zikawa kazi ndefu zenye sura nyingi zilizochongwa kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amehamia jimbo la Washington, na huko ndiko O'Connor, aliyeanza fidla akiwa na miaka 11, alikokwenda kujifunza kwake. Mtoto hakuja mikono mitupu: tangu umri wa miaka sita alikuwa amejifunza gitaa la klasiki, na baadaye flamenko. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari. Mzee alimpa wa kulia, na akampa hazina ya sura. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya sikio na macho: mzee anapiga, mtoto anarudia.

Ukiijua njia hiyo, mambo mengi kwenye santuri ile yanajieleza. Wapo wanaodhani mpigaji wa namna hii hubuni papo hapo kama wa jazi. Kwa kiasi kikubwa sivyo. Anazo sura alizorithi, amezikariri hadi mikono inazijua, na ubunifu wake uko katika kuchagua, kuunga na kugeuza jambo dogo mahali pa kuungia. Mtoto hodari anaweza kubeba sura zote za mwalimu. Kilicho adimu ni mtoto anayejua ni ipi aiache.

Mashindano yalimfundisha kuacha. Mashindano makubwa ya Weiser, mji mdogo wa Idaho, yalianza mwaka 1953 na kuchukua sura ya kitaifa mwaka 1963. Mshindani hupewa dakika nne kwa tuni tatu: moja ya dansi ya kasi, moja ya walsi, na moja ya hiari, ambayo mara nyingi huwa ragtaimu au polka. Waamuzi hukaa mahali wasipomwona, wanasikia tu. Mbwembwe za jukwaani zimekatazwa, na tuni za kuonyesha maajabu kama "Orange Blossom Special" haziruhusiwi. Miongoni mwa wanavyopima ni kama tuni inachezeka. Sasa fanya hesabu. Walsi pekee hula karibu dakika moja kwa mzunguko mmoja, na haikubali kuharakishwa. Tuni ya dansi inabaki na dakika moja na ushei, maana yake mizunguko minne. Sura kumi za Robertson haziingii. Lazima nne zichaguliwe, na hizo nne zipandishe hamu kwa utaratibu, bila kumaliza sauti ya juu mapema.

Santuri inaondoa saa hiyo. Studio inakupa dakika mbili, tatu, hata zaidi kwa tuni moja, na kijana aliyelelewa na mashindano anakutana na hatari asiyoizoea: kumwaga vyote alivyonavyo kwa sababu nafasi ipo. Huu ndio mtihani ninaoutumia kwa kila albamu ya bingwa kijana wa mtindo huu. Nasikiliza mzunguko wa tano na wa sita. Kama bado inajibu kilichotangulia, mpigaji ametunga. Kama ni orodha tu ya mambo anayoyaweza, basi bado anashindana na waamuzi wasiokuwepo.

Gitaa nalo halistahili kupitwa. Msindikizaji wa Texas hashiki kodi moja na kuichapa kipimo baada ya kipimo. Anashika kodi zilizofungwa, zisizo na uzi ulioachwa wazi, na anabadili karibu kila pigo: A, kisha besi inapanda C kali, D, D kali, hadi E, kisha njia ya kurudi. Vidole vinalegezwa mara tu baada ya kila pigo ili sauti ikatike. Mbinu hii ina udugu na swing ya Magharibi ya Bob Wills, naye mwana wa ukoo wa fidla wa Texas. Manufaa yake kwa fidla ni makubwa. Melodia inayokaa mahali pamoja, kama ya "Sally Goodin", inasikika inasafiri kwa sababu ardhi chini yake inahama. Anayetaka kuuelewa mtindo huu asikilize tuni moja mara mbili, mara ya kwanza akifuata gitaa peke yake.

Lawama dhidi ya mashindano zipo na zina msingi. Mtindo ulioshinda Weiser ulienea majimbo ambayo yalikuwa na namna zao za kupiga, na vijana wakaacha upinde wa babu zao ili wapate alama. O'Connor mwenyewe ni mfano: mtoto wa Seattle anayepiga kama mtu wa Texas. Nauona uchungu huo. Hata hivyo sikubali kwamba kilichoenea ni kitu cha mashine, kwa sababu kijana huyo huyo alirudi Weiser akashinda ubingwa wa wakubwa mwaka 1979 akiwa na miaka 17, kisha 1980, 1981 na 1984. Rekodi za miaka hiyo ya mashindano, zilizokusanywa na kutolewa mwaka 1990 kama "The Championship Years", zinaonyesha mtu anayeendelea kuzipanga upya tuni alizozijua tangu utotoni. Thomasson alifariki mwaka 1984, mwaka wa ushindi ule wa mwisho.

Mwaka 2009 O'Connor alianza kuchapisha vitabu vya kufundishia fidla, kuanzia na "Boil 'Em Cabbage Down". Ni kazi ya maana, na noti zimewafikia watoto wasiokuwa na mzee jirani. Lakini kitabu humpa mtoto sura zikiwa zimekwisha kupangwa. Ya nne ifuatwe na ipi, na ipi iachwe kabisa usiku huu, hayo mwalimu atalazimika kumfundisha kwa kumsikilizisha Robertson, Thomasson na santuri ya 1974, kwa utaratibu huo.