Suruali ya Mwamuzi

Katika maisha yangu ya kazi nimehakiki mashairi, tamthilia, riwaya na maandalio ya masomo ya wanachuo wasiohesabika. Suruali sikuwahi kuihakiki, ingawa, kama msomaji atakavyoona hapo mbele, niliwahi kuihukumu. Kuhakiki na kuhukumu ni mambo mawili tofauti. Ilinichukua zaidi ya miaka arobaini kulielewa hilo, na nililielewa nikiwa ndani ya duka la nguo nchini Marekani.

Nilikwenda huko kumtembelea binti yangu, anayeishi na mumewe na watoto wao katika jimbo la Ohio. Mkwe wangu amejifunza mchezo wa besiboli kwa sababu ya wanawe, na kwa kuwa waamuzi wa michezo ya watoto ni haba, alihudhuria mafunzo, akakubaliwa kuamua siku za Jumamosi. Shati na kofia alipewa. Suruali alitakiwa ajinunulie mwenyewe. "Baba," aliniambia, "twende ukanisaidie kuchagua. Wewe umekagua sare maisha yako yote." Nilifurahi kusikia hivyo. Mzee akiombwa ushauri husimama wima kidogo.

Kwa faida ya wasioujua mchezo huo, nieleze. Mrushaji hutupa mpira mgumu, wenye uzito wa gramu 140 na ushei, kumwelekea mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, na nyuma ya mdakaji huinama mwamuzi mkuu, uso wake ukiwa ndani ya barakoa ya chuma, akitazama kama mpira umepita juu ya bamba jeupe lililolazwa ardhini. Katika ligi kuu mpira huo huja kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, na katika mchezo mmoja mwamuzi huinama na kuinuka karibu mara 300. Mpira ukiguswa kidogo tu na gongo hubadili njia, na pengine humpata yeye. Kwa hiyo huvaa kinga ya kifua ndani ya shati, na vikinga-ugoko vikubwa, toka gotini hadi juu ya kiatu, ndani ya suruali. Waamuzi wenzake wanaosimama karibu na vituo vya wakimbiaji hawahitaji kinga hizo. Wao hukimbia zaidi kuliko kuinama.

Hapo ndipo suruali inapokuwa somo. Dukani tulioneshwa aina tatu. Ya kwanza ni ya mwamuzi wa nyuma ya bamba, nayo ni pana toka pajani hadi chini ili ipite juu ya vikinga. Ya pili ni ya mwamuzi wa vituoni, nyembamba, iliyonyooka kama suruali ya karani. Ya tatu ni ya mseto, si pana wala si nyembamba, kwa mtu anayetaka kununua moja tu. Zote zilikuwa za kijivu, nyingine kijivu chepesi, nyingine kijivu cha mkaa.

Nilimfundisha mwanachuo kutazama fani na maudhui katika kazi ya fasihi, na sikuona sababu ya kuiacha kanuni hiyo nje ya mlango wa duka. Fani ya suruali ni mshono, kitambaa, rangi na marinda yake. Maudhui yake ni mguu ulio ndani na kazi ambayo mguu huo utafanya. Kazi ya sanaa ambayo fani yake inayabana maudhui huwa imeshindwa, hata kama ikipigiwa makofi.

Mkwe wangu alijaribu kwanza ile nyembamba. Alisimama mbele ya kioo, akageuka huku na huku, na nikiri kwamba ilimkaa vizuri sana. Muuzaji aliisifu. Mimi pia niliisifu. Kisha akavaa ile pana, na tukacheka sote wawili. Bila vikinga ndani yake ilining'inia kama pazia. Nikatamka hukumu mara moja, kwa sauti yangu ya mstarini: "Hiyo hapana, mwanangu. Mwamuzi hawezi kusimama mbele ya watoto na bugaluu."

Neno hilo liliponitoka, nilinyamaza. Wasomaji wa rika langu wanalikumbuka neno bugaluu. Vijana pengine hawalijui, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza kutekeleza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam, kupiga vita minisketi, mawigi na suruali za kubana. Miaka michache baadaye fasheni iligeuka, suruali zikawa pana kwa chini hadi zikafagia vumbi, nasi tuliokuwa tumekataza zilizobana tukaanza kukataza zilizopanuka. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu, na nilikuwa mkali wa sare kuliko mkuu wa chuo mwenyewe. Asubuhi moja, nikiwa mwalimu wa zamu, tulikuwa tunawakagua wanachuo kabla ya kupanda lori kwenda mazoezi ya kufundisha. Nilimkuta mmoja amevaa suruali ya tetroni, safi, imepigwa pasi, lakini pana kupita kiasi. Nilimtoa mstarini mbele ya wenzake. Nilimwambia hatapanda lori mpaka fundi cherehani aipunguze. Hakujibu neno. Jioni alirudi na suruali nyembamba, akasafiri na lori la pili.

Wiki mbili baadaye nilikwenda katika shule aliyopangiwa, kumkagua akifundisha. Aliandika ubaoni huku mkono wake mmoja umeshika ukingo wa ubao, na alipotaka kuwaendea watoto alishika dawati baada ya dawati. Kwenye fomu yangu, penye kipengele cha unadhifu, nilikuwa nimekwisha kumpa alama ya juu kabisa. Baada ya kipindi nilimwuliza kwa nini anayumba. Alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, chuma cha mguu hakiingii katika suruali uliyoniagiza." Alikuwa amepooza mguu mmoja kwa polio tangu utotoni. Upana wa suruali yake ulikuwa wa kupitisha chuma.

Sikumwomba radhi. Nilitoa amri nyingine, kwamba mishono ifumuliwe, na amri hiyo nikaiita huruma.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini nilimwambia mkwe wangu arudi ndani ya chumba cha kujaribia. Nilimwomba avae vikinga-ugoko vyake, alivyokuwa amevileta katika mfuko, avae viatu vya kazi, ndipo avae suruali zote tatu, moja baada ya moja, na kila moja achutame nayo mara kumi mbele yangu bila kutazama kioo. Matokeo yalikuwa kinyume cha yale ya kwanza. Ile nyembamba haikupita gotini. Ile ya mseto ilipita, lakini kila alipochutama ilinasa juu ya vikinga, ikabaki imekunjamana hata aliposimama, naye ikambidi aivute chini kwa mkono. Ile pana ilishuka yenyewe. Tena kwa kuwa sasa ilikuwa na kitu cha kubeba, upana haukuonekana. Pindo liligusa kiatu, mstari wa pasi ukanyooka, na mtu asingejua kwamba ndani mna ngao.

Hoja yangu katika uhakiki huu ni hiyo. Suruali ya mwamuzi haiwezi kuhakikiwa ikiwa tupu. Kioo huonesha fani peke yake. Maudhui hujitokeza mtu anapochutama.

Yaliyobaki ni rahisi zaidi. Marinda ya mbele yalipendwa sana zamani, na leo wengi wanataka suruali isiyo na marinda. Kwa nyuma ya bamba nayapendelea, kwani hutoa nafasi mapajani. Lakini kitambaa kinachovutika kikitumika, hoja hiyo hupungua nguvu. Sufu ya zamani ilikuwa na heshima yake na joto lake. Poliesta hufuliwa usiku ikavaliwa asubuhi, na kwa mtu mwenye kazi nyingine siku za wiki hilo si jambo dogo. Vitanzi vya mkanda viwe vipana, maana mwamuzi hutundika mifuko ya mipira kiunoni. Kuhusu rangi, sioni ubora wa kijivu kimoja juu ya kingine, ila waamuzi wanaofanya kazi pamoja wavae kinachofanana, ili pasiwepo hisia kwamba mmoja ni hakimu na mwingine ni msindikizaji.

Historia ya mchezo wenyewe inaniunga mkono, ingawa si kwa njia iliyonyooka. Kwa miaka mingi waamuzi walivaa suti za buluu iliyokolea, na hadi leo wachezaji humwita mwamuzi kwa jina la rangi hiyo, hata akiwa na suruali ya kijivu. Waamuzi wa American League walibeba ngao kubwa ya kifua nje ya nguo, hali wenzao wa National League waliificha ndani, desturi inayohusishwa na Bill Klem, aliyeamua tangu 1905 hadi 1941. Mwishowe desturi ya kuificha ndiyo iliyoshinda. Katika miaka ya 1970 American League iliwavika waamuzi wake makoti ya rangi ya damu ya mzee. Nimeyaona katika picha, nayo yanaita macho kwa nguvu. Mchezaji ndiye anayetakiwa kutazamwa; mwamuzi anatakiwa kuaminiwa.

Hata hivyo yupo mtu anayenipinga, nami namheshimu. Emmett Ashford, Mwamerika mweusi wa kwanza kuamua katika ligi kuu, aliingia huko mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 51, baada ya miaka 15 katika ligi ndogo. Alisifika kwa unadhifu wa kupindukia: vifungo vya mikono vinavyong'aa, viatu vinavyometa, nguo zilizonyooka. Tena alikimbia na kupiga ishara kwa madaha hata watu wakaja uwanjani kumtazama yeye. Kwa kanuni yangu ningemwondolea alama. Lakini nikifikiri zaidi naona kwamba mtu huyo angetazamwa tu, avae apendavyo. Macho yalikwisha kumkodolea kabla hajafunga mkanda. Kwake pasi ilikuwa kinga, kama vile kikinga-ugoko kwa mwingine, na mimi niliyewahi kukosea kuhusu kilichomo ndani ya suruali ya mtu sina haki ya kumwambia aipunguze.

Swali hili halijaisha. Tarehe 9 Agosti 2025 Jen Pawol alikuwa mwanamke wa kwanza kuamua mchezo wa msimu wa kawaida wa ligi kuu, na siku iliyofuata alisimama nyuma ya bamba. Suruali iliyokatwa kwa kipimo cha kiuno na nyonga za mwanamume haitamkaa kila mwanamke atakayemfuata. Wala jambo hili si la Wamarekani peke yao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League huko South Williamsport, Pennsylvania. Pale watoto wanapocheza, lazima mtu mzima ainame nyuma yao, na mtu huyo atahitaji suruali. Nawasihi watakaomchagulia, hasa kama ni kamati, na hasa kama mwenyekiti wake ni mwalimu mstaafu: msipitishe kitambaa juu ya meza. Mwiteni mvaaji, avae vyote vya ndani, achutame, kisha mwulizeni yeye.

Jumamosi iliyofuata nilikaa kwenye viti vya mbao na wajukuu zangu wadogo. Nyuma yetu mama mmoja alisema mwamuzi amevaa suruali kubwa, na binti yangu alinitafsiria, ingawa nilikuwa nimeelewa. Katika awamu ya tatu mpira uliparuza gongo, ukashuka, ukampiga mkwe wangu ugokoni. Ulilia kama kokwa lililodondoka juu ya bati. Aliinama, akauokota, akaufuta vumbi, akampa mdakaji, na mchezo ukaendelea.

Yule mwanachuo alihitimu, akafundisha, na baadaye nilisikia amekuwa mwalimu mkuu. Anwani yake ninayo. Barua ninayotakiwa kumwandikia ina maneno machache kuliko insha hii, na nimeona ni rahisi zaidi kuandika insha. Lakini bahasha nimekwisha kuinunua.