Kitabu cha Baba Placide na Walei wa Jamaa

Wako Wakristu wanaodhani kwamba kufikiri juu ya Mungu ni kazi ya mapadri peke yao, na kwamba fungu la mlei ni kusikiliza, kuitikia, kutoa sadaka na kubeba viti siku ya sikukuu. Nami nilidhani hivyo nilipotoka seminari na kuanza kazi ya ukatekista hapa Lubumbashi. Aliyenisumbua ni Padri Placide Tempels, Mfransiskani wa Ubelgiji, kwa kitabu chake Notre rencontre, kilichochapwa Léopoldville mwaka 1962. Tukipime pamoja, maana kinasema habari za watu wa kwetu.

Wasomi wanamjua zaidi kwa La philosophie bantoue, kilichotolewa hapa mjini mwaka 1945, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Kilisifiwa kwa kuwa kilikiri, katikati ya ukoloni, kwamba Muntu ana hekima iliyo na mpango wake. Lakini kisome polepole. Mwandishi asema Muntu anayo hekima hiyo, ila hawezi kuieleza mwenyewe kwa utaratibu. Yampasa Mzungu amwambie yale anayoyafikiri. Basi mtu amesifiwa, kisha amefungwa mdomo. Sifa hiyo mimi siitaki.

Kitabu cha pili ni kingine kabisa. Humo Padri anaungama. Alifika Kongo mwaka 1933, na kwa miaka mingi, asema, aliishi kama bwana mkubwa wa dini, mwenye kuamuru na kufundisha. Watu walimwitikia, lakini mioyo ilibaki mbali. Ndipo alipoacha kuhubiri kwanza, akauliza: wewe ni mtu wa namna gani, na moyo wako watamani nini? Wakamjibu kwamba wanatamani uzima, uzazi na mapendo. Kumbe, yeye naye alikuwa na tamaa hizo hizo! Aliyekuja kutoa akajikuta anapokea. Nimesoma vitabu vingi vya mapadri juu ya walei. Ni vichache ambamo padri anakubali kwamba aliongolewa na waamini wake.

Tunda la kukutana huko ni Jamaa, iliyoanza mwaka 1953 huko Ruwe, karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, kisha ikaenea miji mingine ya Katanga. Fikirini maisha ya kambi. Kampuni ilitoa kazi, nyumba, posho na shule, na mtu aliweza kuzeeka humo bila kuulizwa mawazo yake hata siku moja. Katika nyumba hizo mume na mke waliketi jioni, wakaambiana yaliyo moyoni, kisha wakashirikiana na wenzao, na padri akiwa kati yao kama ndugu. Waliitana Baba na Mama. Mfano wao ulikuwa umoja wa Bwana Yesu na Mama Maria katika mapendo. Mume na mke waliomwingiza mwenzao katika mafundisho walihesabiwa kuwa wamemzaa. Kwa hiyo hata nyumba isiyo na mtoto iliweza kuwa na uzazi, na yeyote anayejua jinsi mwanamke asiyezaa anavyosemwa kwetu ataelewa uzito wa neno hilo. Hawakuliokota katika katekisimu ya maswali na majibu. Walilifikiri wao, kwa Kiswahili chao cha kambini.

Tena angalieni miaka. Hati ya Mtaguso Lumen Gentium, yenye sura nzima juu ya walei, ilitolewa mwaka 1964. Hati hiyo inaiita familia Eklezia ya nyumbani. Watu wa Kolwezi walikuwa wamekwisha kuishi hivyo miaka kumi na moja.

Lakini mkosoaji hana ruhusa ya kusifu tu. Mafundisho ya Jamaa yalitolewa kwa ngazi, moja baada ya nyingine, na aliyekuwa ngazi ya chini hakuambiwa ya juu. Bwana wetu alipohojiwa na Kuhani Mkuu alijibu kwamba alifundisha mbele ya watu wote. Siri ilizaa fununu, na pembeni kukatokea makundi yaliyopotoka, hata maaskofu wakalazimika kuweka mipaka. Ubaya zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba walei waliotoka chini ya bwana mkubwa wa dini walijijengea mabwana wengine: wenye ngazi na wasio na ngazi. Kitabu cha Padri hakioni hatari hiyo. Kinasimulia furaha ya kukutana kana kwamba kila mlango ulikuwa wazi.

Na kuna jambo jingine. Mlango wenyewe, kwa kawaida, uliingiwa wawili wawili. Mjane je? Na msichana aliyekosa mume?

Kosa la tatu si la Padri peke yake. Mawazo yaliyozaliwa kwa Kiswahili aliyaandika kwa Kifaransa. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyewachunguza watu wa Jamaa kati ya miaka 1966 na 1967, alitoa kitabu chake mwaka 1971 kwa Kiingereza. Mchimba shaba na mkewe, ambao maneno ni yao, wasingeweza kusoma lolote katika hayo.

Katika mtaa wangu yuko mama mmoja mzee, mjane wa mfanyakazi wa migodi, aliyeingia Jamaa pamoja na marehemu mumewe. Siku moja nilikuwa nikiwafundisha wachumba juu ya sakramenti ya ndoa, naye amekaa nyuma akingoja kufagia kanisa. Nilipomaliza aliniambia, «Baba katekista, umewafundisha sheria ya ndoa vizuri. Lakini hukuwauliza kama wanaambiana mawazo.» Nilikosa jibu mbele ya vijana wale.

Nimenunua daftari, niandike mafundisho yake kwa Kiswahili kama anavyoyasema, pamoja na yale ninayoyakataa. Amekubali niende kwake Alhamisi, ila amesema nisiende peke yangu. Nije na mke wangu.