Jakobson, Afasia na Viambishi vya Kiswahili

Roman Jakobson alipochapisha, mwaka wa 1956, makala yake juu ya pande mbili za lugha na aina mbili za afasia, aliyatwaa maradhi ya matabibu na kuyaweka mbele ya wanaisimu. Afasia ni upungufu wa lugha utokanao na kuumia kwa ubongo, aghalabu kwa kiharusi. Kwa mujibu wa Jakobson, msemaji huteua maneno, kisha huyaunganisha. Aliyepungukiwa na uteuzi hushindwa kulipata jina la kitu, ingawa kiunzi cha sentensi kimesalia. Aliyepungukiwa na uunganishaji hubakiwa na majina, lakini viunganishi humpotea, viambishi hutoweka, na kitenzi hurejea katika umbo la kitenzi-jina.

Sifa ya makala haya haina shaka: yalionyesha kwamba lugha haivunjiki ovyo, bali hufuata viungo vyake yenyewe. Walakini, madai hayo mawili ya mwisho yanahitaji kutenganishwa. Katika Kiingereza, kitenzi kilichovuliwa viambishi hufanana na kitenzi-jina, hivyo ni vigumu kujua ni dai lipi lililothibitika. Katika Kiswahili mambo ni mengine. Ukivua viambishi vya "wanasoma" hubaki "soma", ambayo ni amri. Kitenzi-jina ni "kusoma", nacho kina kiambishi. Mgonjwa asemaye "watoto soma" na yule asemaye "watoto kusoma" hawana upungufu mmoja, ijapokuwa nadharia ingewaweka kapu moja.

Kasoro hii si ngeni. Mwaka wa 1984, Yosef Grodzinsky alieleza kwamba katika Kiebrania mzizi wa konsonanti tupu hautamkiki. Kwa hiyo mgonjwa hadondoshi umbo, bali huweka lisilofaa. Kiswahili kinaongeza utata. Mgonjwa akisema "kitu zuri", je, amedondosha kiambishi, au ameazima upatanisho wa "jambo zuri"? Tena, huenda hajakosea lolote: wako watu wengi wa Nairobi wasemao hivyo tangu utotoni, wakiwa na afya njema.

Hapa ndipo suala linapotoka darasani na kuingia hospitalini. Anayempima mgonjwa kwa mizani ya Kiswahili sanifu ataandika ugonjwa mahali penye mazoea, na huenda akamfundisha upya lugha ambayo hakuwa nayo.

Lawama si ya Jakobson peke yake. Katika mkusanyo mkubwa wa masimulizi ya wagonjwa uliohaririwa na Lise Menn na Loraine Obler mwaka wa 1990, zilichunguzwa lugha 14, na hapana hata moja ya Kibantu. Pengo hilo halitazibwa kwa kutafsiri majaribio ya Kiingereza. Yafaa lianze kuzibwa kwa kuuliza jamaa za mgonjwa swali dogo: kabla ya kuugua, alikuwa akisemaje nyumbani?