Kumpima Prodyuza wa Toronto kwa Sikio

Usianze na vifaa. Wapenzi wengi wa muziki wa kielektroniki huuliza kwanza prodyuza anatumia programu gani na kinanda cha bei gani, na majibu hayo hayawafundishi kitu. Mwanamuziki Beverly Glenn-Copeland alirekodi albamu ya Keyboard Fantasies mwaka 1986 kwa kinanda cha Yamaha DX7 na mashine ya ngoma ya Roland TR-707, akiishi Huntsville, kaskazini mwa Toronto. DX7 ilikuwa katika studio nyingi wakati ule, na sauti zake za kiwandani zilijaa redioni mpaka zikachosha. Kanda za Keyboard Fantasies zilitoka zipatazo 200 tu. Mwaka 2020 albamu hiyohiyo ilipewa tuzo ya Polaris ya Kanada ya kazi za urithi.

Sikiliza wimbo wake "Ever New". Kinanda kinapanda tabaka kwa tabaka bila pupa, na uimbaji unachelewa kuingia. Tega sikio hapo. Prodyuza hodari anajua sauti inahitaji muda gani kufifia kabla hajaleta nyingine. Asiyejiamini huziba kila upenyo.

Kipimo kigumu zaidi, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote, ni namna anavyotumia alichorithi. Toronto imelelewa na spika kubwa za Wajamaika. Jackie Mittoo, mpiga kinanda wa Studio One ya Kingston, alihamia Toronto. Leroy Sibbles wa kundi la The Heptones naye akafuata, na mtaa wa Eglinton upande wa magharibi ukaitwa Little Jamaica. Kwa hiyo karibu kila prodyuza wa mji ule atakuambia ana dancehall damuni. Mwache aseme, kisha usikilize ngoma. Kubandika king'ora na sauti ya mtu anayepayuka kwa patwa, lugha ya Wajamaika, ni kazi ya dakika tano. Dancehall yenyewe imo katika mgao wa mapigo, nane yaliyokatwa 3, 3 na 2, mgao ambao msikilizaji wa Bongo Fleva anaweza kuupiga kofi mezani bila kufundishwa. Bambii, DJ na prodyuza wa Toronto mwenye asili ya Jamaika, alitoa Infinity Club mwaka 2023, na humo dancehall na jungle, mtindo wa ngoma za kasi, zinakutana kwenye mifupa ya mdundo. Ondoa uimbaji wote kichwani mwako. Bado utajua kazi imetoka kwa watu gani.

Kasi isikutishe wala isikulaghai. Singeli ya Sisso Studios, Dar es Salaam, iliyokusanywa katika Sounds of Sisso mwaka 2017, hupita mapigo 200 kwa dakika, na katika kazi zake bora kila ngoma inasikika peke yake. Jungle ya Toronto ipimwe vivyo hivyo: je, unaweza kuifuata ngoma moja tu, tuseme ile ndogo ya juu, tangu mwanzo hadi mwisho? Ikikupotea katikati, miksi ni chafu. Ikiwa haibadiliki hata chembe, kompyuta imeachiwa ifanye kazi yenyewe; mkono wa mtu huchelewesha pigo hili kidogo na kulipunguzia lile nguvu.

Besi isikilize mara mbili, kwenye simu na kwenye spika kubwa. Kwenye simu mkito wenyewe utapotea, lakini wimbo wa besi uendelee kufuatika. Kwenye spika kubwa besi isiimeze sauti ya mwimbaji.

Ukiridhika, nunua kwa msanii mwenyewe. Wengi wasio na lebo huuza Bandcamp, na faili la WAV au FLAC ndilo la kuchukua. MP3 iliyobanwa sana huharibu kwanza sauti za juu: matoazi huanza kusikika kama maji yanayochuruzika, na mkia wa noti huweza kukatwa mapema, nawe utamlaumu prodyuza kwa kosa la faili.