Visanduku Vizuri, Maelezo Matupu

Wandugu, wengi wetu tukimaliza masomo na kupata kazi, siku ya kwanza ao ya pili tunapewa faili moja ya komputa: «Soma hii, ndani yake njo utaona namna tunatumika huku.» Unafungua, unakuta viduara, visanduku, mishale, almasi (si ile ya Mbuji-Mayi), na chini yake kurasa na kurasa za maelezo. Hakuna mwenye kukuambia uanzie wapi. Na période d'essai imesha anza kuhesabiwa.

Leo nataka tupime chombo kimoja kinachozaa mafaili ya namna hiyo: Bizagi Modeler. Nimekichagua juu kinashushwa bure, kinaingia kwenye komputa ya Windows ya kawaida, na mwanafunzi mwenye TFC juu ya kazi za ofisi anaweza kukitumia bila kuomba mtu franka. Lakini huwezi kukihukumu bila kugusa luga ya alama inayotumika ndani yake, BPMN.

Luga hiyo ilitoka mwaka 2004, na toka 2005 inatunzwa na Object Management Group ya Marekani. Toleo la 2.0 lilitoka Januari 2011. Mwaka 2013 likawa kanuni ya ISO, namba 19510. Kitabu chake kiko na kurasa zaidi ya 500. Usiogope. Mwaka 2008 watafiti wawili, Michael zur Muehlen na Jan Recker, walichunguza michoro 120 iliyochorwa na watu, wakakuta kama chini ya 20% ya alama zake njo zinatumiwa kila mara, na zingine hazikuonekana hata kidogo. Na ilikuwa bado toleo la zamani, lenye alama chache kuliko la sasa. Kwa hiyo mtu wa kuanza kazi hana lazima ya kujua yote. Ana lazima ya kujua chache, lakini bila kuchanganya.

Tuchukue kazi ya kununua pneu katika kampuni yenye malori yanayobeba shaba toka Kolwezi mpaka Kasumbalesa. Mchoro umegawanywa kwa mistari mirefu, sawa matuta ya shamba: kila tuta ni la service moja. Iko service inayoomba, iko achats, magazini, kontabilite, direction. Usikimbilie mishale. Soma kwanza majina ya matuta, tafuta lako, kisha hesabu mara ngapi mshale unaingia ndani yake na mara ngapi unatoka. Kila unaoingia ni karatasi itakayokufikia. Kila unaotoka ni mtu anayekungojea.

Kisha tazama viduara. Chenye ukingo mwembamba ni mwanzo. Chenye ukingo wa mistari miwili kiko katikati ya njia, kuna kitu kinangojewa ao kinatokea. Chenye ukingo mnene ni mwisho. Mimi ningesoma miisho mbele ya yote. Kama mchoro uko na mwisho mmoja paka, «pneu zimelipwa», basi jua aliyechora hakufikiri juu ya ombi lililokataliwa, ao muuzaji aliyepotea.

Sasa almasi. Hapo njo watu wanaanguka. Yenye X ndani, ao isiyo na kitu ndani, inasema: chagua njia moja. Yenye + inasema: njia zote zinakwenda pamoja. Na + ya kufunga, ile iko mbele zaidi, inasema: hakuna kupita mpaka zote zifike. Tuseme bon de commande imetoka. Kwenye + ya kwanza, magazini inangojea pneu na kontabilite inangojea facture. Kwenye + ya pili mambo mawili yanakutana, halafu njo malipo. Mtu akisoma + sawa X, ataona facture imefika, atasema njia moja inatosha, atalipa. Pneu kumi zimelipwa, hakuna aliyeziona. Siku ya audit hawatauliza nani alichora. Watauliza sahihi ni ya nani.

Iko + ingine, ndogo, chini ya kisanduku. Hiyo haina undugu na ile ya almasi. Inasema ndani ya kisanduku kuna mchoro mwengine umefichwa. Kwenye mfano wetu, kisanduku cha namna hiyo mara mingi kinaitwa «kuchagua muuzaji», na ndani yake njo kuna maneno yenye uzito: proforma ngapi, nani anazilinganisha, nani anakata. Ukikuta + hiyo na ndani hakuna mchoro wowote, hapo umejua jambo moja juu ya kampuni ambalo hakuna mtu angekuambia.

Upande wa kusoma alama, basi, hakuna uchawi. Shida yangu iko kwa maelezo yale ya chini, na hapa Bizagi Modeler inastahili sifa na lawama pamoja. Sifa: kila kisanduku kiko na nafasi ya maelezo, na nafasi ya kuandika nani anafanya, nani anajibu kazi ikiharibika, nani anaulizwa, nani anajulishwa. Ni maulizo sawa kabisa. Ukimaliza kuchora, unafinya pahali pamoja, programu inakutolea yote katika Word, PDF ao kurasa za kufungua na navigateur.

Lawama: inakutolea hata kama haukuandika kitu. Kunatoka faili yenye jedwali la yaliyomo, vichwa vyenye namba, alama ya kila kisanduku, yote yamepangwa vizuri. Unaifungua: kichwa, halafu utupu, kichwa kingine, utupu. Almasi isiyopewa jina inachapwa na jina ambalo programu yenyewe iliweka, ExclusiveGateway, kama kichwa cha sehemu nzima. Shefu anapokea kurasa makumi, anaona uzito wa karatasi, anasaini. Programu iko na kidude cha kukagua mchoro, lakini kinakagua kanuni za BPMN: mshale uliowekwa vibaya ni kosa, maelezo matupu si kosa. Kwa chombo kinachojitangaza kwa kazi ya kuandika michakato, mimi naona hiyo ni upungufu mukubwa. Kuonya tu, «visanduku 14 havina maelezo», ingekuwa kazi ndogo kwa waliokitengeneza.

Tena toleo la Word linapanga visanduku chini kwa chini, sawa orodha. Lakini kazi haiendi chini kwa chini. Ombi linakataliwa, linarudi kwa muombaji, linapanda tena. Orodha haiwezi kuonyesha kurudi huko. Mwenye kusoma Word bila kufungua mchoro pembeni ataamini kazi inapita mara moja, moja kwa moja.

Frank na Lillian Gilbreth walipoonyesha michoro yao ya michakato kwa mainjinia wa Marekani mwaka 1921, Frank alikuwa mtu aliyeanza kama mwashi wa matofali, na wao wawili walikuwa na mazoea ya kupiga filamu ya mikono ya watumishi wakiwa kazini. Walichora kile walichoona. Leo mtu anaweza kuvuta visanduku na souris kutoka asubuhi mpaka saa sita bila kusimama kwenye kiti, na mchoro wake ukawa mzuri kuliko wao.

Matokeo yake utayaona kwenye vitenzi. Karibu kila mchoro wa ofisi zetu uko na kisanduku kimeandikwa kwa Kifaransa «Valider la demande». Sasa valider ni kufanya nini? Uliza mu biro, kwa Kiswahili chetu, utapata majibu matatu. Mmoja atasema ni kuangalia kama makuta iko. Mwengine, ni kukubali kama pneu zinahitajiwa kweli. Wa tatu, ni kutia sahihi paka, juu wengine walisha angalia. Kitenzi kimoja, kazi tatu, na kila mtu anafikiri mwenzake njo aliangalia. Nafasi ya maelezo inapokea luga yoyote. Hakuna kanuni ya ISO inayokataza kuandika pale chini maneno ambayo watu wanasema kweli wakiwa kazini.

Jambo moja pia la kuuliza mbele ya kuamini mchoro wowote: huu ni picha, ao ni mashine? Toka toleo la 2.0, mchoro wa BPMN unaweza kuendeshwa na programu ingine, kama vile Camunda. Hapo almasi inakata yenyewe na kazi inatokea kwenye écran yako. Kama ni mashine, mchoro unasema kweli kwa sehemu ambayo mashine inaendesha, unapenda usipende. Kama ni picha, unasema kile mtu mmoja alifikiri siku moja. Tafuta tarehe. Mchoro wa picha usio na tarehe wala namba ya toleo, mimi naupa heshima ya kalenda ya mwaka jana.

Turudi kwa pneu. Zilikomandiwa kumi, lori limeshusha nane. Mchoro unasema nini? BPMN iko na alama ya hiyo, kiduara kinachokaa juu ya ukingo wa kisanduku na kutoa njia ya pembeni shida ikitokea. Ni kati ya zile ambazo wachoraji wa haraka wanaziacha. Kama wewe njo unapewa kazi ya kurekebisha mchoro, na wadogo wetu wa stage wanapewa mara mingi, ongeza kiduara hicho kwenye kisanduku cha kupokea, halafu mu nafasi ya maelezo andika: «Zikifika pungufu, magazinie anasaini zile ameona tu, anaandika hesabu kwenye bon de livraison, achats wanaita muuzaji siku ileile, kontabilite hailipi zaidi ya hesabu hiyo.» Pembeni weka cheo cha anayejibu, cheo kimoja, si «service». Kisha toa toleo la navigateur, si Word. Magazinie ataufungua bila kuweka programu yoyote, atafinya kisanduku cha kupokea, na maneno hayo yatatokea mbele yake wakati lori lingali kwenye cour.