Mahali pa Kutoboa

Kijana wa bodaboda anaanguka karibu na Sengerema, kichwa kinagonga lami, helmeti ikiwa inaning'inia kwenye usukani. Anainuka, anajipangusa vumbi, anajibu maswali, hata anauliza pikipiki yake imeumia kiasi gani. Ndugu wanamshukuru Mungu. Baada ya saa chache kichwa kinamgonga, anatapika, halafu usingizi unamchukua, na walio karibu wanasema mwacheni apumzike. Wengi wamekufa katika mapumziko hayo.

Mfupa wa panja ni mwembamba, na kwa ndani yake umelala mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa nao huweza kukatika. Utando wa ubongo umegandamana na fuvu, kwa hiyo damu haiwezi kumwagika mara moja. Inaubandua kidogo kidogo, na ndiyo sababu mtu huongea vizuri kwanza. Kisha mboni ya jicho la upande ule ule hupanuka na kukataa kusinyaa ikimulikwa tochi, huku mkono na mguu wa upande wa pili vikilegea, kwa kuwa nyuzi zinazotoka kwenye ubongo huvuka kabla ya kushuka mgongoni. Anayejua kusoma dalili hizo mbili pamoja anajua atoboe wapi.

Sifa zangu leo ni za watu hao wanaojua wapi. Tumezoea kumwona daktari bingwa wa ubongo akiwa na barakoa, taa kubwa juu yake, vidole ndani ya glovu. Kwangu mimi ustadi wenyewe huwa umeshafanyika kabla ya picha hiyo, pale alipokuwa kando ya kitanda akimkwaruza mgonjwa unyayo ili aone kidole gumba kinakwenda juu au chini. Mtoto mchanga akikiinua hakuna neno. Mtu mzima akikiinua, njia inayotoka ubongoni ina hitilafu mahali fulani.

Bugando, hospitali ya kilimani jijini Mwanza iliyofunguliwa mwaka 1971, ina vitanda zaidi ya 900 na hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kanda ya Ziwa yote. Mwaka 2010 madaktari wake, Phillipo Chalya akiwa mmojawapo, walichapisha utafiti juu ya majeruhi wa pikipiki jijini humo na kuliita tatizo linalochipuka. Siku hizi mti umeshakomaa. Kipimo cha kwanza kwa majeruhi hao hakihitaji umeme: anafungua macho akiitwa au akifinywa? Anasema nini? Mkono unatii? Teasdale na Jennett, madaktari wa Glasgow, waliyapanga maswali hayo mwaka 1974, leo hupewa alama kuanzia 3 hadi 15, na muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuyarudia kila baada ya muda akaona mtu anavyozama. Picha ya CT ni neema kubwa, sibishani na hilo. Lakini lazima pawepo mtu wa kuamua kwamba huyu anayesinzia asisubiri kesho.

Na msidhani elimu ya kufungua fuvu iliwasili ziwani kwa meli. Upande wa mashariki, kwa Wakisii wa Kenya na majirani zao Wakuria, mafundi walioitwa ababari kwa Kikisii walikuwa wakilifungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na kubaki na maumivu yasiyokwisha. Walichana ngozi, wakautafuta ufa kwenye mfupa, wakakwangua taratibu kama mtu anayetoa ukoko bila kutoboa sufuria, na walipoufikia utando wa ubongo walisimama. Mgonjwa alishikwa na ndugu zake. Dawa za miti zilizuia damu. Madaktari wa kikoloni waliandika habari zao kwa mshangao, kwa sababu wagonjwa wengi walipona na kurudi shambani. Sitaki kuwapamba. Kidonda kingeweza kuoza, na maumivu mengine ya kichwa hayakuwa na uhusiano wowote na ufa ule. Ninachowapa heshima ni kwamba waliutafuta ufa kwanza, na kwamba walijua pa kuachia.

Mgongo una hesabu yake, tena ngumu zaidi. Mchimbaji mdogo wa Geita aliyeangukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, analetwa hasikii miguu. Daktari anamgusa kwa ncha ya pini kutoka chini kwenda juu. Ganzi ikiishia usawa wa chuchu, ameumia kwenye neva ya nne ya kifua. Ikiishia kitovuni, ni ya kumi. Mtego uko hapa: ule mkanda wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo ni mfupi kuliko mifupa inayoubeba, unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Anayehesabu neva akadhani amehesabu mifupa atafungua mahali pazima. Kosa la pingili mbili linamwachia mgonjwa kovu na ugonjwa vyote viwili.

Kuna na wale ambao mtaalamu huwarudisha bila kuwagusa. Kifua kikuu hupenda mgongo. Kinakula pingili mbili zilizopakana mpaka zinabonyea mbele na kibyongo kutokeza. Mpasuaji Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu wa mgongo huko London mwaka 1779, karne moja kabla mdudu wake hajajulikana. Wengi wa wagonjwa hawa hupona kwa vidonge vya TB vya miezi mingi, na kisu huwekwa akiba kwa anayeanza kupooza au ambaye mgongo unazidi kukunjika. Familia iliyouza ng'ombe ili ije kufanyiwa operesheni inaweza kuona imedharauliwa inapopewa vidonge. Kuwaeleza wakaelewa nako ni sehemu ya ufundi, na sijui kama kuna mtihani wake chuoni.

Watoto wenye vichwa vikubwa ndio walionifanya niandike. Ubongo hutengeneza maji kila siku, kwa mtu mzima karibu nusu lita, na maji hayo yana mapito yake. Pito likiziba, kichwa cha mtoto hutanuka kwa kuwa mifupa haijafungana. Dawa iliyozoeleka ni shanti, mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi na kuyamwaga maji tumboni. Shanti huziba. Ikiziba kwa mtoto wa Boston anarudishwa hospitali saa ile ile; ikiziba kwa mtoto wa kijiji kilicho mbali na barabara, mama atafika amechelewa. Daktari Mmarekani Benjamin Warf alikutana na hesabu hiyo Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwaka 2001. Aliona pia kwamba wengi wa watoto wale walikuwa wameupata ugonjwa baada ya maambukizi ya siku za mwanzo za maisha. Akapitisha kamera nyembamba kwenye utosi, akatoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia nyingine, kisha akachoma vinyama vinavyoyatengeneza. Chini kidogo ya sakafu hiyo unapita mshipa mkuu wa damu. Kutoboa kando kidogo kunaweza kuwa kifo mezani. Operesheni ikifanikiwa, mtoto anaondoka bila mpira wowote wa kuja kuziba. Baadaye Warf aliichukua njia hiyo kwenda kuifundisha Boston, na mara hii mzigo wa elimu ulisafiri kutoka kwetu.

Elimu hii hupita mkono kwa mkono. Mwaka 2006 mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika hospitali ya Haydom, Manyara, wakati wapasuaji wa ubongo nchini walihesabika kwa vidole, akamfundisha kazi hiyo Emmanuel Mayegga, tabibu ambaye hakuwa na shahada ya udaktari. Wapo waliokunja uso. Mimi namwelewa Ellegala: mgeni anayepasua na kuondoka huacha makovu tu.

Umbali nao unahesabiwa. Damu ya panjani haingojei kivuko, na kwa miaka mingi gari la wagonjwa kutoka Sengerema au Geita lilisimama Busisi likisubiri zamu ya kuvuka Ghuba ya Mwanza. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, na kusubiri kukaisha. Majeruhi wa Ukerewe bado anaanza safari yake majini.