Kitufe cha Mashine Huchaguliwa kwa Kisogo

Dukani, vitufe vya mashine huuzwa kwa sura: cha kijani, chekundu, chenye taa. Kazi yenyewe iko kisogoni, kwenye kontakti. Tuchambue paneli ya kinu cha kusaga mahindi chenye mota ya fezi tatu ya 7.5 kW, kontakta moja (swichi ya sumaku inayoiwasha mota koili yake ikipata umeme), na vitufe vitatu: cha kuwasha, cha kuzima na cha dharura.

Mota hiyo ikibeba mzigo wake wote hula takriban ampea 15 kwa volti 400, na inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo kitufe hakipitishi umeme wa mota. Kinaiamuru koili ya kontakta tu. Hata hivyo, maandishi ya "10 A" ubavuni yasikudanganye. Huo ni mkondo ambao kontakti inaweza kuubeba ikiwa imeshikana bila kuchemka. Kukata koili ni shughuli nyingine, maana koili hurusha cheche. Soma penye AC-15, yaani kipimo cha kukata koili za AC: kontakti ya daraja A600 inayobeba ampea 10, hapo kwa volti 240 ni ampea 3. Kwa koili ya kinu hiki zinatosha na kubaki.

Cha kuwasha kiwe NO, kinachogusanisha kikibonyezwa tu. Kikiachiwa, kontakti saidizi ya kontakta ndiyo inayoishikilia koili. Cha kuzima kiwe NC, kinachogusanisha hadi kibonyezwe, ili waya wake ukikatika kinu kisimame chenyewe. Anayeweka swichi ya kugeuza badala ya viwili hivi anatega mtego: umeme ukikatika kisha ukarudi, kinu kinawaka chenyewe, pengine mkono wa mtu ukiwa ndani anazibua mahindi yaliyokwama.

Cha dharura ndicho cha kukaguliwa zaidi. Kichwa chake ni cha uyoga, chekundu juu ya kibao cha njano, na kikibonyezwa hujifunga hadi kifunguliwe kwa mkono. Kiwango cha ISO 13850 kinataka kukifungua kusiwashe mashine. Nyuma tafuta mchoro wa mshale ndani ya duara: maana yake, nguvu ya mkono huzitenganisha kontakti moja kwa moja bila kutegemea springi, hata kama cheche zimeanza kuzigandisha.

Kuna kasoro ambayo mbele haionekani. Kontakti huchomekwa kwenye shingo ya kitufe. Mtetemo ukiichomoa, NC hubaki imeshikana: unabonyeza uyoga, kinu kinaendelea kusaga. Zipo kontakti zinazokata umeme zenyewe zikichomoka. Bei yake iko juu kidogo, lakini kwa kinu ndizo za kununua.

Kuhusu vumbi la unga, IP65 inafaa: 6 ni kutopenya vumbi, 5 ni kuhimili maji ya kurushwa. Ila namba hiyo ni ya upande wa mbele, kitufe kikiwa kimekazwa na mpira wake. Vitufe vingi vinataka tundu la milimita 22 na ushei. Tundu la kukadiria kwa macho huingiza unga.

Rangi huja mwisho: IEC 60204-1 inakataza nyekundu kwa kuwasha, na kijani inakubalika.

Fundi, kabla hujakabidhi paneli, washa kinu na ubonyeze kitufe cha dharura. Kinu kisiposimama, usikabidhi.